"Wewe si rubani? Weka milioni"

Wiki iliyopita nimeingizwa kwenye kundi jingine la WhatsApp la harusi. Binamu anaoa mwezi wa kumi. Sijamsalimia mtu hata mmoja, mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba wangu, kashaniandika kwenye orodha ya ahadi: milioni moja. Nikamfuata pembeni kwa adabu zote: "Shikamoo anko. Hiyo milioni nimeahidi lini?" Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Marahaba mwanangu. Wewe si rubani?" Kule kwenye kundi watu wakamwaga vikatuni vya ndege. Kumi na tatu, nimevihesabu.

Hii ni kamati ya nne mwaka huu. Kueleza kwa mdomo nimechoka. Naandika mara moja, na kuanzia leo natuma linki.

Mimi narusha Cessna Caravan. Injini moja, propela moja, abiria kumi na wawili, tani nne ikiwa imeshiba, magurudumu hayakunjwi. Ndiyo hiyo mnayopanda kwenda Unguja, Pemba, Mafia, na ndiyo inayowapeleka wageni Seronera na Kogatende, kule Serengeti. Wengine mnaiita "kindege". Sawa.

Shule nitaipitia haraka kwa sababu inanitia uchungu. Leseni ya urubani wa biashara inataka saa kama 200 za kuruka. Shuleni kila saa unailipia wewe, mafuta ndani yake, mwalimu ndani yake, na siku ya mawingu unalipia chumba cha kulala huku ndege imeegeshwa. Baba aliuza kiwanja Kibaha na hakikutosha. Kwa hiyo ukisikia rubani kijana analipwa kiasi fulani, kabla hujashangaa muulize anadaiwa kiasi gani na nani. Deni la benki lina tarehe ya mwisho. Deni la baba mdogo halina, na linakumbushwa kila Krismasi.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Rafiki yangu mhasibu aliniuliza mwezi uliopita nimefanya kazi saa ngapi. Nikamjibu kijinga, kwa lugha ya kazini: sabini na nane. Alicheka mpaka akaweka glasi chini. "Sisi tunafanya mia na sabini na sita, na bado bosi anatuona wavivu!" Tangu siku hiyo kila tukikutana ananiita "Saa Sabini na Nane."

Saa ya rubani inaanza ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kwenda kuruka, na inakwisha inaposimama mwisho wa safari. Basi. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye kitabu changu cha kumbukumbu za kuruka, na ndiyo wengi wetu tunayolipwa juu ya mshahara mdogo wa msingi. Kilicho nje ya hapo, kwenye kitabu hakimo.

Chukua siku moja ya kawaida. Naripoti saa kumi na moja na nusu alfajiri. (Rosta inaandika 02:30, kwa sababu duniani kote saa za anga ni za Greenwich. Rubani Mswahili anaishi na saa tatu kichwani: ya mama, ya simu na ya rosta. Mwezi wa kwanza kazini nilifika kituoni mapema kwa saa sita nzima, nikalala kwenye benchi.) Nakagua hali ya hewa, nakagua ndege, napiga hesabu ya uzito. Hesabu ya uzito maana yake ni kumuuliza abiria ana kilo ngapi, na sijawahi kukutana na abiria anayesema kweli. Halafu: Dar kwenda Unguja, dakika 25. Unguja kwenda Pemba, 35. Kurudi Unguja, 35. Kurudi Dar, 25. Dar kwenda Mafia, 40. Kurudi, 40. Jioni Unguja tena, 25, na kurudi Dar, 25. Nimeruka na kutua mara nane. Natia sahihi ya kuondoka saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mwajiri kanitumia saa 13. Kitabu kimeandika saa 4 na dakika 10.

Hizo nyingine zimekwenda wapi? Zimekwenda Mafia, nimesimama chini ya bawa kwa sababu injini ikizimwa mle ndani mnaiva. Zimekwenda kwenye kupakia mizigo tumboni mwa ndege, maana kwenye viwanja vidogo kuli ni mimi. Zimekwenda kumsubiri mgeni aliyesahau pasipoti hotelini. Tuseme mtu analipwa dola 20 kwa saa ya kuruka (mfano tu, changu sisemi, ofisi yetu ni ndogo). Siku hiyo kapata dola 83. Gawanya kwa 13: dola 6 na senti kadhaa kwa saa aliyokaa kazini. Bado TRA hawajapita na asilimia 30 yao kwa kila kinachozidi shilingi milioni moja kwa mwezi, na NSSF na kumi yao.

Kwa hiyo saa sabini na nane siyo saa sabini na nane. Mhasibu wangu angelipwa kwa muda ambao vidole vyake viko juu ya kibodi tu, tungeona nani anacheka.

Na saa zenyewe zina msimu, kama embe. Julai mpaka Oktoba wageni wanafuata nyumbu mto Mara, tunaruka mpaka tunaombana kupumzika. Aprili na Mei mvua za masika zinakuja, kambi nyingi porini zinafunga, rosta inabaki nyeupe. Mwezi huo unaishi kwa mshahara wa msingi, na landilodi wa Majumba Sita hajui habari za nyumbu. Mwaka 2020 wageni walipokatika, nilijua maana halisi ya neno "msingi". Nilifuga kuku. Wakafa.

Kuna wanaonitumia video za Marekani: "Mbona wenzenu wa ndege ndogo wanapata dola 90 kwa saa?" Ni kweli. Juni 2022 kampuni tatu za mikoani zilizo chini ya American Airlines zilipandisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza mpaka kama dola 90 kwa saa. Mikataba mingi kule inamhakikishia mtu saa kama 75 kwa mwezi hata asiporuka zote. Piga hesabu, inafika dola elfu themanini na kidogo kwa mwaka. Lakini video haikuonyeshi ilikotoka hiyo bei.

Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, safari 3407, ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa binti wa miaka 24. Usiku uliotangulia alisafiri akiwa abiria kutoka Seattle, pwani ya magharibi, kwenda kuanza kazi Newark, upande mwingine wa nchi. Kwenye uchunguzi ukatajwa mshahara wa dola 16,000 kwa mwaka. Kampuni baadaye ikasema alikuwa anapata zaidi, karibu elfu 24. Wamarekani walipigwa na butwaa kwamba anayewarusha analipwa hivyo. Sheria ikabadilika, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa kule kwa kawaida lazima awe na saa 1,500. Idadi ya vijana wanaofikisha saa hizo haikwenda sambamba na mahitaji, baada ya korona wakongwe wengi wakawa wamestaafu, na bei ikapanda. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akawahurumia vijana.

Sasa hapa naomba niseme jambo ambalo mwalimu wangu asingependa. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Kapteni alikuwa na zaidi ya 3,000. Wachunguzi walisema chanzo ni namna alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo: alivuta usukani badala ya kushusha pua. Kuhusu uchovu, walisema huenda uliwapunguzia uwezo, ila kwa kiasi gani hawakuweza kupima. Mshahara mdogo, safari ya usiku kucha, kulala kwenye kochi la chumba cha wafanyakazi, vyote vilikuwepo, na bado huwezi kuchora mstari mmoja kutoka kwenye hundi mpaka kwenye ajali. Nimejaribu kuuchora mara nyingi, kwa sababu ungenisaidia kudai nyongeza.

Na hizo saa 1,500 zinapima nini hasa? Mimi nina 2,600. Kwa vipande vya nusu saa, nimeruka na kutua zaidi ya mara elfu nne, nyingi kwenye vumbi, kwenye upepo wa kusi unaopiga ubavuni, au baada ya kupita chini mara moja kuwafukuza pundamilia. Mwenzangu wa masafa marefu mwenye saa hizo hizo huenda karuka mara mia tatu na kitu, na kutua wanagawana. Kwenye karatasi tuko sawa. Au tuseme yeye yuko mbele, kwa sababu nikiomba kazi kwenye ndege kubwa, hapa au Ghuba, naulizwa: "Saa ngapi za injini mbili? Saa ngapi za ndege inayozidi kilo 5,700?" Caravan ni injini moja na haifiki kilo 4,000. Saa zangu 2,600 zinageuka kuwa noti za zamani: thamani ziliwahi kuwa nayo, ila kaunta hawazipokei. Lakini sitaki nijidanganye. Kutua mara elfu nne kwenye ndege moja kunakufundisha kutua ndege hiyo. Kufanya kazi na mtu wa pili pale mbele, kumsikiliza, kumkatalia, Caravan ya rubani mmoja haikufundishi. Labda wana haki. Kuna siku nakubali, kuna siku natukana.

Habari ya kiti cha upande wa kulia, cha rubani wa pili, ni fupi. Ndege hii imeruhusiwa kurushwa na mtu mmoja. Kampuni nyingine huweka wa pili kwa sababu wakala wa wageni anataka. Kijana anakaa pale miezi kadhaa kwa posho ya nauli, anajaza kitabu, anashukuru. Wapo wanaoingia wakiwa wanajua saa hizo wakubwa watazikubali. Wapo wanaogundua baadaye kuwa hazihesabiki. Mdogo wangu unayesoma hii: uliza kabla, na jibu liwe kwenye maandishi.

Mnasema tunalala hoteli za bure. Ndiyo, nimelala Serengeti mara nyingi kuliko mnavyoweza kulipia. Nimelala upande wa wafanyakazi, kwenye hema la marubani, na fisi nje anakohoa kama mzee. Halafu nimeamka saa kumi. Ni kweli pia kwamba picha ya miwani myeusi na jua linachomoza nyuma ya bawa niliipiga asubuhi ileile na nikaiweka Instagram. Kosa la hizi milioni moja kwa sehemu ni letu wenyewe. Hakuna anayejipiga picha akiwa nyuma ya boda saa kumi na dakika arobaini alfajiri, barabara ya Pugu, viatu vimefungwa kwenye mfuko wa rambo visichafuke. Bodaboda wangu aliponijua kazi yangu alisimamisha pikipiki. "Dada, ndege unarusha wewe, na hapa unaniomba nipunguze buku?"

Uchovu nao. Ulaya na Marekani zote zinakubaliana rubani wa mashirika ya ndege ya abiria asizidishe saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na kuna vikomo vya saa za zamu pia. Vizuri. Ila nilikuwa ndani ya kila kikomo jioni moja nikiingia Dar, safari ya nane ya siku. Mnara ukanipa kibali cha kutua, nikakirudia neno kwa neno. Sekunde chache baadaye nikaita tena kuomba kibali cha kutua. "Nimeshakupa," yule bwana akasema, polepole, kama anamsemesha mtoto. Nikatua salama. Abiria wakapiga makofi, kama kawaida ya watalii. Fomu ya kuripoti uchovu ipo, kwenye droo ileile ya fomu za likizo. Sikuijaza. Ulikuwa mwezi wa nane, na mwezi wa nane anayejiondoa kwenye rosta anajiondoa kwenye hela.

Kila mwaka daktari wa anga ananipima, na moyo ukigoma siku hiyo nimebaki na diploma ya kuruka chini. Sitaki kuliongelea zaidi.

Anko, najua utaisoma, maana binti yako atakusomea. Ahadi yangu ni laki moja na nusu. Nitaitoa mwisho wa mwezi wa nane, nyumbu wakivuka kwa wakati. Na hiyo zamu ya kuwapokea wageni wa Bukoba uwanja wa ndege siku ya harusi mpe mtu mwingine. Nitakuwa pale pale uwanjani, lakini nitakuwa kazini.