"Nitafutie Hoteli Chini ya Ngome": Dhana Potofu Kuhusu Kulala Nürnberg

Kazi yangu ni kuwapangia safari za Ujerumani watu wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, na mji ninaoupanga mara nyingi zaidi ni Nürnberg. Wapo wanaokwenda Februari kwenye maonyesho ya BIOFACH kutafutia soko kahawa, korosho, parachichi na viungo vya kilimo hai. Wapo wazazi wanaokwenda kumwona kijana wao anayesoma huko au Erlangen, mji jirani. Awe mfanyabiashara au mzazi, maneno ni yale yale: "Nitafutie hoteli ndani ya mji wa kale, chini ya ngome, nataka kulala kwa starehe." Hapo umeomba vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja, na nimechoka kulieleza hili kwa simu, mteja mmoja mmoja.

Dhana: Kadiri unavyoikaribia ngome ndivyo unavyostarehe

Tuanze na ardhi yenyewe. Mto Pegnitz unaugawa mji wa kale pande mbili: kusini ni upande wa kanisa la Mtakatifu Lorenz, kaskazini ni upande wa kanisa la Mtakatifu Sebald. Stesheni kuu ya treni ipo kusini, nje kidogo tu ya ukuta wa mji; ukivuka barabara umeshaingia Königstraße. Kutoka hapo mpaka Lorenz, mpaka darajani, mpaka uwanja wa soko wa Hauptmarkt, mtu anatembea bila kuhema. Ukitoka Hauptmarkt mambo yanabadilika. Ngome ya Kaiserburg imekaa juu ya mwamba, na njia za kuiendea ni mlima na mawe. Kwenye ramani ya simu ni kama kilomita moja na nusu kutoka stesheni, na mteja ananiambia, "Mbona ni karibu?" Karibu kwa nani? Mchukue mama wa miaka sabini mwenye maumivu ya magoti, mpe sanduku la kilo 23 ambalo magurudumu yake yanakwama kwenye kila jiwe, weka na mvua ya Novemba. Kwake hiyo ni safari ya pili baada ya ile ya ndege.

Treni ya chini ya ardhi haikusaidii huko juu. Njia ya U1 ina vituo viwili ndani ya mji wa kale, Lorenzkirche na Weißer Turm, na vyote viko kusini mwa mto. Chini ya ngome hakuna kituo. Teksi inaweza kukusogeza, ila mitaa kadhaa ni ya waenda kwa miguu, na aliyewahi kulala Mji Mkongwe wa Zanzibar anajua maana yake: dereva anakushusha pale gari linapoishia, mizigo iliyobaki ni yako.

Halafu kuna majengo. Wateja wanadhani watalala kwenye nyumba ya zama za mchoraji Albrecht Dürer. Tarehe 2 Januari 1945 mji wa kale wa Nürnberg ulipigwa mabomu na ndege za Uingereza, na sehemu yake kubwa kabisa ikageuka kifusi. Baada ya vita wakajenga upya wakifuata mitaa ile ile, wakarudisha na mapaa yenye mwinuko mkali. Ni kazi nzuri, na ninaiheshimu sana. Lakini hoteli nyingi unazoziona pichani ni nyumba za baada ya vita zilizosimama kwenye viwanja vyembamba vya kale. Unapata vyumba vidogo na ngazi za kubana, bila kupata ule ukale uliokuwa unaulipia. Nyumba chache zilizonusurika zinalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria, na mwenye nyumba hawezi kuamka tu akatoboa sakafu aweke lifti. Ndiyo maana kila ninapoandikia hoteli nauliza swali ambalo mteja haoni umuhimu wake: je, lifti inafika mpaka ghorofa ya chumba hiki? Hoteli inaweza kutangaza kwamba ina lifti, na ni kweli inayo, lakini inaishia ghorofa moja chini ya chumba chako cha darini. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Na usingizi je? Uwanja wa Tiergärtnertor uko chini ya ngome hasa, mbele ya nyumba aliyoishi Dürer kuanzia 1509 hadi alipofariki 1528. Jioni za kiangazi vijana na wageni hukaa pale juu ya mawe, chupa za bia mkononi, wakizungumza mpaka usiku. Ni mahali pazuri pa kupita jioni. Kulala dirisha likitazama pale, chumba hakina kiyoyozi na dirisha lazima liwe wazi, siwezi kumshauri mzazi wa mtu.

Ushauri wangu sijaubadilisha kwa miaka yote hii. Lala upande wa Lorenz, kati ya stesheni na kanisa, au hata nje ya ukuta kando ya barabara ya Frauentorgraben, na uombe chumba kinachotazama ua wa ndani badala ya barabara. Ngome utaipanda asubuhi ukiwa na mkoba mwepesi, kisha ushuke uwahi Hauptmarkt saa 6 mchana, wakati saa ya kanisa la Frauenkirche inapotoa sanamu za wateule saba, yaani watawala waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme, wakimzunguka mfalme huyo. Kutoka ulipolala, U1 inakufikisha kwenye viwanja vya maonyesho, kituo cha Messe, kwa dakika kama nane bila kubadilisha treni. U2 inakufikisha uwanja wa ndege kwa dakika 12. Na hilo la uwanja wa ndege wengi hawalijui: Turkish Airlines inatua Nürnberg kwenyewe kutokea Istanbul, kwa hiyo anayeanzia Dar, Nairobi au Entebbe halazimiki kupitia Frankfurt.

Dhana: Karibu na stesheni ni kwenye uhuni

Hapa ndipo wateja wanapokataa ushauri wangu, na naelewa wametoa wapi hofu hiyo. Sitamdanganya mtu: njia ya chini ya barabara inayounganisha stesheni na mji wa kale, Königstorpassage, usiku huwa na walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Basi usipite chini. Vuka juu, kwenye taa, ambako kuna watu na mwanga. Ukishavuka uko Königstraße, barabara yenye maduka, migahawa na familia.

Sasa linganisha na hili. Mtaa wa madanguro wa Nürnberg unaitwa Frauentormauer, unafuata ukuta wa mji upande wa kusini-magharibi, na uko ndani ya ukuta. Yule mteja anayesema "ndani ya kuta tu, nje hapana" anaweza kujikuta ameweka nafasi hatua chache kutoka hapo na kumleta bibi yake na wajukuu. Angalia jina la mtaa. Ukuta wa karne za kati haupimi heshima ya mtaa wa leo.

Faida nyingine ya stesheni utaijua Jumapili. Bayern, jimbo ulimo mji huu, limeshikilia kabisa sheria ya saa za maduka: siku za kazi yanafungwa saa 2 usiku, Jumapili hayafunguliwi. Maduka ya ndani ya stesheni kuu yanaruhusiwa kufungua, na mzazi aliyefika Jumamosi usiku bila dawa ya meno wala chakula cha mtoto atashukuru kwamba ni mwendo wa dakika tatu.

Dhana: Nikikosa nafasi Nürnberg nimeharibikiwa

Huyu namtuma Fürth, na akirudi ananishukuru. Reli ya kwanza ya treni ya mvuke kwa abiria Ujerumani ilifunguliwa Desemba 1835 kati ya Nürnberg na Fürth, na leo miji hiyo miwili inaunganishwa na U1 ile ile inayokwenda Messe. Unapanda Fürth, unashukia kwenye maonyesho, hujabadilisha treni. Tena vita haikuiharibu Fürth kama ilivyoiharibu jirani yake. Mitaa yake ya nyumba za karne ya 18 na 19 imebaki. Kwa hiyo ninyi mnaosisitiza kwamba lazima mlale pahala palipo na ukale wa kweli, nafasi yenu iko Fürth, na bei wiki ya maonyesho huwa ya kibinadamu zaidi.

Dhana: Baridi ni msimu wa bei ya chini

Katika mji huu, la. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari kuna maonyesho makubwa ya vitu vya kuchezea, Spielwarenmesse. Mara yanafuata BIOFACH. Soko la Krismasi la Hauptmarkt, Christkindlesmarkt, huanza Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio na kumalizika tarehe 24 Desemba. Vipindi hivyo bei ya chumba kile kile inaweza kupanda maradufu, na mara nyingi Agosti ndipo unapopata nafuu. Tafadhali, anayekwenda BIOFACH asinipigie Januari. Weka nafasi inayoweza kufutwa bila gharama mara tu unapojua tarehe, hata kabla ya viza, maana ubalozi nao unataka uthibitisho wa malazi. Na ukipata viza usiifute nafasi hiyo ya hoteli ili utafute ya bei rahisi zaidi; vyumba vya wiki ile vikiondoka havirudi.

Dhana: Nyota nyingi, usingizi mzuri

Nyota za hoteli za Ujerumani zinatolewa na chama cha wenye hoteli na migahawa, DEHOGA. Hoteli inaomba kwa hiari, inakaguliwa, na nyota zinadumu miaka mitatu. Wanachohesabu ni vifaa na huduma: mapokezi yanafunguliwa saa ngapi, chumba kina nini. Hawapimi kelele za mtaani. Kuna hoteli nzuri za familia zisizo na nyota hata moja kwa sababu mwenyewe hakuomba.

Dhana: Ujerumani ni baridi, sihitaji kuuliza kuhusu joto

Julai na Agosti nyuzijoto zinaweza kupita 30, na hoteli nyingi hazina kiyoyozi. Chumba kibaya kuliko vyote wakati huo ni cha darini, chini ya vigae, kile kile chenye mandhari ya kupendeza. Mimi huomba ghorofa ya pili, upande wa ua, kila kiangazi, hata mteja akinuna.

Dhana: Kitanda cha watu wawili ni godoro moja

Mara nyingi ni fremu moja, magodoro mawili, na kila mtu na duveti lake. Hawajawatenganisha kwa makusudi. Ukitaka godoro moja sema mapema, ila ujue wakikupa wanachokiita kitanda cha Kifaransa, upana wake ni kama sentimita 140, na wanandoa wenye miili wataona.

Dhana: Soseji ndogo ndogo zile ni za kuku

Waislamu wenzangu, zile soseji za Nürnberg, za urefu wa sentimita 7 hadi 9, ni za nguruwe, na kwenye meza ya kifungua kinywa zinaweza kuwekwa jirani na mayai. Mkate, mayai, jibini na samaki vipo kwa wingi. Mwambie mhudumu akukaangie yai lako kwenye kikaango safi. Ukiomba kwa adabu utasikilizwa.

Dhana: Fomu ya mapokezi ni ubaguzi

Tangu Januari 2025 raia wa Ujerumani hawajazi tena fomu ya usajili hotelini. Mgeni wa nje bado anajaza, anatia saini na kuonyesha pasipoti. Wateja wamenipigia wakiwa na hasira kwamba Mzungu aliyekuwa mbele yao amepewa ufunguo bila karatasi. Ni sheria ya nchi, inamhusu Mmarekani kama inavyomhusu Mtanzania. Mhudumu wa mapokezi hajaitunga.

Dhana: Nikifika asubuhi na chumba kikiwa wazi watanipa

Hili ndilo la pili kwa kunikera, kwa sababu linawaumiza wazee. Ndege nyingi za usiku kutoka kwetu zinafika Frankfurt alfajiri. Unapita uhamiaji, unapanda ICE, treni ya mwendo kasi, safari ya saa mbili na zaidi kidogo, unafika Nürnberg kama saa 4 asubuhi. Chumba kinatolewa kuanzia saa 9 alasiri. Kwenye karatasi ya hoteli imeandikwa 15:00. Asubuhi ile mgeni wa jana bado anakula, msafishaji hajapanda. Mhudumu atapokea mizigo yako, atakuonyesha kiti, na basi. Mzee aliyekaa macho usiku mzima anabaki kwenye kiti saa tano, miguu imevimba.

Unaweza kuandika hotelini wiki moja kabla, ukaomba kuingia mapema. Wapo wanaokubali kwa malipo kidogo, lakini wiki ya maonyesho usitegemee. Kwa mtu aliyezidi miaka sitini, au mwenye sukari, au anayesafiri na mtoto mchanga, mimi nalipia usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha naiandikia hoteli kwamba mgeni atafika saa 4 asubuhi, wasije wakamhesabu kuwa hakutokea na kukiuza chumba. Hiyo barua ya pili ni lazima. Weka tarehe, namba ya treni, na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na umpe mzee nakala aliyoichapisha mtu nyumbani, aishike mkononi anapofika mapokezi.