Mavuno ya kodi: hesabu ya nyumba ya kupangisha na nyumba ya wageni wa likizo

Mavuno ya kodi (kodi hapa ni ile anayolipa mpangaji; ya serikali tutaiita ushuru) ni kile ambacho nyumba inamrudishia mwenyewe kwa mwaka, kikipimwa kwa asilimia ya pesa alizotoa kuipata. Ukinunua nyumba kwa shilingi milioni 10 na ikakuletea 600,000 kwa mwaka, mavuno yake ni asilimia 6. La kujiuliza ni hiyo 600,000 ni pesa gani: aliyolipa mpangaji, au iliyobaki mkononi mwako baada ya kila mtu kuchukua chake? Ya kwanza ni mavuno ghafi, ya pili ni mavuno halisi. Anayekuuzia nyumba atakutajia ghafi kila mara. Utakayoishi nayo ni ile halisi.

Tuchukue apatimenti ya Nyali, Mombasa. Bei na gharama hapa ni za mfano tu, lakini viwango vya ushuru ni vya sheria ya Kenya. Umeinunua kwa milioni 10. Ushuru wa stempu, unaolipwa nyumba inapohamishiwa jina lako, mjini ni asilimia 4, kwa hiyo 400,000 zimetoka kabla hujashika ufunguo. Weka 200,000 za wakili, rangi na vitasa vipya. Pesa uliyozika pale sasa ni milioni 10.6, na mavuno yapimwe kwa hiyo.

Kodi ni 50,000 kwa mwezi. Mpangaji mmoja akihama, nyumba ikakaa mwezi mmoja bila mtu, mwaka unafunga na 550,000. Ushuru wa mapato ya kodi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024 (zamani ulikuwa 10), kwa mkaazi wa Kenya ambaye kodi zake za mwaka ziko kati ya 288,000 na milioni 15. Unalipwa kila mwezi, si baada ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na unatozwa kwenye kodi yote uliyopokea. Hata kama mwezi huo umebadilisha tangi la maji, hilo halipunguzi kitu. Hapo imetoka 41,250. Ada ya usimamizi wa jengo, yaani askari, lifti, taa za ngazi na takataka, ni 60,000. Ajenti anayekusanya kodi kwa asilimia 8 anachukua 44,000. Marekebisho 40,000, bima na ada za kaunti 25,000. Kilichobaki ni 339,750. Gawanya kwa milioni 10.6: asilimia 3.2. Ile 6 imekatika karibu nusu, na hakuna aliyekuibia.

Walio ughaibuni wasome hapa mara mbili. Kiwango cha 7.5 ni cha mkaazi. Asiyehesabiwa kuwa mkaazi kwa sheria ya ushuru hukatwa asilimia 30 ya kodi, kisha ndiyo aanze kulipa fundi na ajenti. Nyumba ile ile, mtaa ule ule, mavuno tofauti kabisa kwa sababu ya mahali mwenyewe anapoishi.

Asilimia 3.2 ni ndogo? Ipime na kitu. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani ilikopa kwa wananchi na kuahidi kuwalipa riba, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, na riba ya hatifungani hizo haitozwi ushuru. Mwaka ule ulikuwa wa riba kubwa kupita kawaida, na nyumba nayo ina jambo ambalo hatifungani haina: bei yake inaweza kupanda. Lakini kupanda kwa bei si mavuno. Ni faida utakayoiona siku ya kuuza, ukipata mnunuzi, na tangu 2023 inakatwa asilimia 15. Usiruhusu mtu azichanganye mbili hizo katika sentensi moja, kwa sababu hapo ndipo hesabu mbaya inapofichwa.

Sasa nyumba ya wageni wa likizo. Vuka feri ya Likoni, shuka mpaka Diani, ununue nyumba ya vyumba viwili kwa bei ile ile ya milioni 10. Ongeza milioni moja ya vitanda, friji, viyoyozi na vyombo, maana mgeni haji na godoro lake. Pamoja na zile 600,000 za stempu, wakili na rangi, jumla ni milioni 11.6. Usiku mmoja ni 8,000. Muuzaji atazidisha kwa siku 365 akupe 2,920,000, na moyo utakuenda mbio. Hakuna nyumba Diani inayolala watu siku 365. Kuna msimu wa Desemba na Januari, kuna Pasaka, kuna likizo ya shule ya Agosti. Halafu kuna Mei, mvua za masika zikimwagika pwani nzima, na nyumba iko tupu, amebaki mlinzi tu.

Tuseme inajaa siku 40 katika kila 100. Hizo ni siku 146 kwa mwaka, yaani 1,168,000. Bado inapendeza: ghafi ni zaidi ya asilimia 10. Toa kamisheni ya mtandao wa kutafutia wageni kwa asilimia 15, 175,200. Usafi na kufua mashuka kila mgeni anapotoka, 73,500. Mshahara wa keyateka, yaani mtunza nyumba, 216,000. Umeme, 120,000, kwa sababu mgeni haoni haja ya kuzima kiyoyozi akienda baharini. Maji, gesi na intaneti 72,000, ada ya usimamizi 120,000, tozo ya utalii ya asilimia 2 ni 23,360. Marekebisho nimeweka 120,000, na pengine nimekuwa mpole. Hewa ya bahari inakula chuma: bawaba, fremu za madirisha, kile kisanduku cha kiyoyozi kinachokaa nje. Maji ya kisima yenye chumvi yanaziba mabomba na vichwa vya bafu. Paa la makuti linazeeka, nalo linaogopwa na watu wa bima kwa sababu ya moto. Na tumbili wa Diani wakikuta dirisha la jikoni wazi, wataingia.

Kinachobaki ni 247,940, asilimia 2.1, na ushuru wa mapato haujaguswa. Sasa badilisha kitu kimoja tu: badala ya siku 40 katika 100, ziwe 60. Umeme, usafi na kamisheni vitaongezeka, lakini mshahara wa keyateka haupandi wala ada ya usimamizi. Mavuno yanaruka hadi zaidi ya asilimia 5. Nyumba ya likizo yote imelala juu ya nambari hiyo ya siku, na nambari hiyo haiko mikononi mwako. Mei 2014 Uingereza ilitoa onyo la safari kuhusu Mombasa na ukanda wa kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikutajwa, lakini kampuni za utalii zilifuta safari za ndege za Mombasa na Diani ikakauka pamoja na wenzake. Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa. Mpangaji wa Nyali huendelea kulala kwake hata dunia ikifungwa, japo kodi inaweza kuchelewa.

Maoni yangu ni kwamba asiyeishi karibu na asiyekuwa na mtu wa kumwamini pale aanze na mpangaji wa kudumu. Lakini ukiwa na macho yako kwenye nyumba ya ufuo, na mwenyewe anakuambia inajaa mwaka mzima, usibishane naye. Mwombe taarifa ya M-Pesa ya malipo ya wageni, halafu umwombe jumbe za tokeni za umeme, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, za miezi kumi na miwili. Mwezi ambao wageni walikuwepo, tokeni zilinunuliwa kila baada ya siku chache. Mwezi ambao nyumba ilikuwa tupu, ilinunuliwa moja, ya taa ya nje na friji ya keyateka. Hesabu siku kutoka hapo, si kutoka kwenye brosha.