Kupima kiwango cha dawa katika damu ni nini, na sampuli hufikaje maabara

Kupima kiwango cha dawa katika damu ni kutafuta kiasi cha dawa kinachozunguka mwilini mwa mgonjwa kwa saa fulani, ili daktari ajue kama dozi iongezwe, ipunguzwe au iachwe ilivyo. Dawa nyingi hazihitaji kipimo hiki. Anayemeza dawa ya shinikizo la damu hupimwa shinikizo lenyewe. Likishuka, dawa imefanya kazi. Lakini zipo dawa ambazo kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaribiana mno: lithiamu ya matatizo ya akili, digoksini ya moyo, fenitoini ya kifafa, vankomaisini na jentamaisini za kuua bakteria, na takrolimasi wanayomeza waliopandikizwa figo au ini. Kwa dawa hizi kukisia ni hatari.

Maabara hurudisha namba, na namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane damu ilitolewa saa ngapi baada ya dozi. Digoksini inaonyesha jambo hili vizuri. Ikishamezwa, hujaa kwanza kwenye damu, kisha huingia polepole kwenye misuli ya moyo na viungo vingine. Damu ikitolewa kabla ya saa 6 kupita, majibu hutoka juu na kumtia kila mtu hofu, ilhali mgonjwa ni mzima. Lithiamu nayo hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu viwango vinavyotumika kuisoma, kama 0.6 hadi 1.0 mmol kwa lita, viliwekwa kwa saa hiyo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aje na dozi yake ya asubuhi mkononi, aimeze akishatolewa damu.

Kwa dawa nyingine hutafutwa kiwango cha chini, yaani damu hutolewa muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Jentamaisini inayotolewa mara kadhaa kwa siku huweza kupimwa pia kwenye kilele, kama nusu saa baada ya dripu kuisha. Kilele huonyesha kama dawa inatosha kuua bakteria. Kiwango cha chini huonyesha kama figo zinaitoa.

Tena kuna suala la siku. Dawa mpya haitulii mwilini papo hapo. Huchukua mara nne hadi tano ya muda ambao nusu yake hutoka mwilini. Kwa digoksini, kwa mtu mwenye figo nzima, hiyo ni kama wiki moja. Kuipima siku ya pili ya matibabu, isipokuwa kama kuna dalili za sumu, ni kupoteza damu ya watu.

Chupa ya kuchukulia damu nayo ina makosa yake. Lithiamu haichukuliwi kwenye chupa yenye heparini ya lithiamu, kemikali ya kuzuia damu isigande. Linasikika kama jambo la wazi, ila chupa hiyo huongeza lithiamu kwenye sampuli kiasi cha kumfanya mgonjwa aonekane amepata sumu. Chupa zenye jeli ya kutenganisha seramu, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, huweza kunyonya baadhi ya dawa, fenitoini ikiwemo, na majibu yakatoka chini kuliko ukweli. Takrolimasi hujificha ndani ya chembe nyekundu, hivyo hupimwa kwenye damu nzima, chupa ya kifuniko cha zambarau, bila kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine. Na kama dawa inaingia kwa dripu mkono wa kulia, damu itolewe wa kushoto.

Baada ya hapo sampuli nyingi za seramu huachwa zigande, huzungushwa kwa kasi na seramu kutengwa. Dawa zisizovumilia joto, kama rifampisini na isoniazidi za kifua kikuu, hutengwa haraka na kugandishwa kwa baridi mara moja. Methotreksati, dawa ya saratani, hufunikwa isipigwe na mwanga.

Sampuli ikisafirishwa hufungwa kwa tabaka tatu: chupa yenyewe, kifuko au kopo lisilovuja lenye kitu cha kunyonya kimiminika chote iwapo chupa itapasuka, kisha boksi gumu la nje. Sampuli za kawaida za wagonjwa hubandikwa alama ya UN 3373, namba ya kimataifa ya sampuli za aina hiyo. Zilizogandishwa huwekewa barafu kavu, yenye nyuzi joto 78.5 chini ya sifuri, na boksi huongezewa alama ya UN 1845, namba ya barafu kavu, na uzito wa barafu hiyo kwa kilo. Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, hugeuka hewa ya kaboni dioksidi, kwa hiyo boksi lisizibwe kabisa. Hewa ikikosa njia, boksi hupasuka. Damu nzima isigandishwe wala kugusana na barafu kavu ila maabara ikiagiza.

Fomu nayo ni nusu ya kipimo kwa maoni yangu. Iandikwe jina la dawa, dozi, saa ya dozi ya mwisho na saa damu ilipotolewa, saa zilizotokea kweli. "Saa mbili kamili" kwenye fomu nyingi mno ni saa iliyopangwa tu. Sampuli za maabara ya mbali zitumwe mwanzoni mwa wiki, maana boksi likifika Jumamosi huweza kukaa mapokezini hadi Jumatatu, na barafu kavu haitamsubiri mtu.