Dumu limeandikwa "hayana lehemu": maswali kuhusu mafuta na mayai

Mafuta niliyonunua yameandikwa "hayana lehemu". Je, nipikie nitakavyo?

Maandishi hayo ni ya kweli, ila hayakusaidii. Lehemu, au kolesteroli, imo katika vyakula vya wanyama. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, mawese au nazi, hayana kiasi cha kuhesabika. Lehemu nyingi iliyo mwilini mwako huitengeneza mwili wenyewe, hasa ini.

Cha kutazama ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kwenye ubaridi. Ukiyazidisha, ini hupunguza kuichota lehemu mbaya, LDL, kutoka kwenye damu, nayo hurundikana katika kuta za mishipa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina gramu 11 hivi za mafuta hayo. Cha mawese, karibu 7. Cha alizeti, hazifiki 2. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 22 hivi kwa anayekula kilokalori 2,000. Vijiko viwili vya mafuta ya nazi vimeshafika hapo, na nyama bado haijaingia sufuriani. Tui la nazi nalo lihesabu.

Mayai niache?

Kiini cha yai kubwa kina miligramu 190 hivi za lehemu, ute hauna. Kwa watu wazima wengi wenye afya, yai moja kwa siku si tatizo. Mwenye kisukari au lehemu ya kurithi amuulize daktari wake. Kwenye chipsi mayai, tungeanza kuuliza habari za mafuta ya karai kabla ya kulilaumu yai.

Chakula gani hushusha lehemu?

Maharage, choroko, dengu na uji wa oti. Nyuzinyuzi zake hunasa asidi za nyongo utumboni zikatoka na choo. Ini hulazimika kuchota lehemu ya damu ili kutengeneza asidi nyingine za nyongo. Uji wa gramu 75 za oti kavu kwa siku unatosha kuleta tofauti.

Na kahawa?

Ya kuchemshwa bila kuchujwa hupandisha LDL. Chujio la karatasi hunasa sehemu kubwa ya mafuta yanayosababisha hilo.

Mimi mwembamba na siumwi. Nipime?

Ndiyo. Lehemu nyingi haiumi, na wembamba si kinga. Ukiandikiwa statini, dawa za kushusha lehemu, kisha kipimo kikashuka, usiziache bila kumwona daktari: kimeshuka kwa sababu unazimeza.