Ulimi wa Mtoto Wako Hauna Kesi ya Kujibu

Ameletwa mwingine kwangu, mimi ninayesaidia watoto waliochelewa kuongea. Miaka miwili na nusu, haongei, na kamba ya ulimi ameshakatwa eti ndiyo iliyomzuia kuongea, kwa wembe, na mtu wa mtaani anayesifika kwa kazi hiyo. Familia haikuja kuniuliza kwa nini mtoto haongei. Ilitaka nikague kama alikatwa vizuri! Basi naandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza habari za wembe nitamtumia ukurasa huu.

Utando ulio chini ya ulimi kila mtu anao. Simama mbele ya kioo, inua ulimi, utauona. Kwa watoto wachache ni mfupi au umeshika karibu na ncha. Kwa mtoto mchanga hilo linaweza kuwa shida ya kweli: hashiki titi vizuri, chuchu za mama zinachubuka, uzito haupandi. Huyo apelekwe hospitali. Wanaojua kazi hiyo humaliza kwa dakika chache. (Kimeo ni kitu kingine kabisa, kiko kooni, na hicho nacho kiacheni.)

Lakini kuongea? Hebu bana ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini, usiiinue. Sema "mama". Sema "baba". Kwa Kijaluo sema "pi" (maji), sema "bi" (njoo). Umeona? Midomo ndiyo iliyofanya kazi. Maneno ya kwanza ya watoto wetu mengi ni ya namna hiyo, na ulimi uliofungwa hauyazuii. Tabu ikija, itakuja baadaye kwenye r na l, au kwenye dh na th za Kijaluo. Hata hapo, wataalamu wenyewe bado wanabishana kama kukata kunasaidia matamshi. Nimeona waliokatwa wakatamka vizuri, nimeona ambao hawakukatwa wakatamka vizuri vilevile, na siwezi kuapa kwamba mkasi ulifanya lolote. Watoto wa miaka minne wenye ndimi huru kabisa husema "lafiki", na hakuna anayewatafutia wembe.

Ninachoweza kuapa ni hiki: mtoto asiyeelewa ukimwambia "leta kiatu", tatizo lake haliko chini ya ulimi. Kuelewa hakufanyiki mdomoni.

Sasa nikisema tuanze na masikio, najibiwa papo hapo: "Masikio ni mazima, nikimwita anageuka." Sentensi hiyo inanichosha kuliko jua la Kondele, Kisumu, saa nane mchana. Kuna dani (bibi) mmoja aliyeamua kunithibitishia. Akasimama nyuma ya mjukuu wake, akapiga makofi, mtoto akageuka mara moja. "Si umeona, daktari?" Mimi si daktari, lakini nilikuwa nimeona kitu kingine. Mama alikuwa amekaa mbele ya mtoto, na kabla ya kofi kulia macho yake yalikuwa yameshamwendea dani. Mtoto aliyafuata macho. Nikamwomba mama atazame sakafu, dani apige tena. Mtoto aliendelea kuvuta kamba ya kiatu chake.

Na si lazima awe kiziwi kabisa. Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Sufuria ikianguka anashtuka, redio ikiwashwa anacheza, mnasema anasikia. Ndiyo, anasikia kelele. Lakini s, f na sh ni sauti hafifu na nyembamba. Mtoto anaweza kuzikosa zote na bado akakimbilia mlangoni lori likipita. Mwingine ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio kwa sababu ya mafua yasiyokwisha. Wiki hii anasikia vizuri, wiki ijayo ni kama kajaza pamba, na nyumbani anaitwa mkaidi na kuchapwa. Eti "alikuwa anatoa sauti akiwa mchanga"? Hata watoto viziwi hutoa zile sauti za mwanzo.

Kwa hiyo mama akitoka Ahero au Nyando, kwenye malaria nyingi, swali langu la kwanza ni kama mtoto amewahi kulazwa. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, manjano kali siku za kwanza, wiki nyingi za sindano za antibiotiki ya gentamicin: yote hayo yanaweza kugusa usikivu, na malaria kali inaweza kugusa lugha yenyewe hata masikio yakiwa sawa.

Lugha tatu nyumbani hazimchanganyi. Hesabu maneno ya lugha zote pamoja. "Pi" na "maji" ni mawili. Katuni za simu hazimjibu, basi mjibu wewe. Ni mvulana? Wavulana huchelewa kidogo, si miaka.

Umri ndio unaonitoa jasho. Tulifundishwa kwamba akifika miaka 2 awe na maneno kama 50 na aanze kuunga mawili, "mama njoo". Mwaka 2022 Marekani wakaisogeza hiyo 50 hadi miezi 30, na watu wa taaluma yangu wakapandwa na hasira. Ukweli ni kwamba wengi wanaochelewa huwafikia wenzao bila msaada wangu, na nikimtazama mmoja mmoja siwezi kukuambia nani atafika na nani atabaki. Naangalia kidole. Mtoto anayenyoosha kidole kwenye tuktuk, akakutazama kama umeiona, kisha akairudia kwa macho, ameshaanza mazungumzo hata kama hajasema neno. Huyo napumua kidogo. Asiyeonyesha kitu na asiyeelewa, siwaambii wazazi wake wasubiri.

Kipimo chenyewe cha masikio hakina maumivu: kidude laini kinawekwa sikioni, na mtoto akiwa amelala ndiyo bora zaidi. Ulizeni kwenye idara ya masikio ya hospitali kubwa, au kituo cha EARC (cha kupima watoto wenye mahitaji maalum) kilicho karibu kiwaelekeze. Bebeni kitabu cha kliniki na karatasi za kulazwa kama zipo. Akiwa na mafua makali ahirisheni, kwa sababu kipimo kinaweza kusema hasikii, nanyi mtanipigia simu usiku mkilia.