Je, Kumtuliza Mzee Kitini Ndiko Kumlinda?

Imezoeleka kuamini kwamba mtu akishazeeka, heshima anayostahili ni kuketi na kuhudumiwa, kwa kuwa kila hatua anayopiga yaweza kumwangusha. Nia ni njema, ila mwili haufanyi kazi hivyo. Misuli isiyotumika hunywea, na kwa mzee hunywea upesi zaidi, hata siku chache za kulala kitandani zikatosha kumpunguzia nguvu za miguu. Basi anayezuiwa kutembea ili asianguke ndiye anayezidi kuwa katika hatari ya kuanguka.

Wala si kweli kwamba wakati umeshampita. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wachache, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 8: nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wenye miaka 65 na zaidi angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, pamoja na yale ya kuimarisha misuli na uthabiti wa mwili. Asiyefikia kiasi hicho afanye anachoweza.

Nyumbani, msaada mkubwa mara nyingi ni kujizuia, jambo gumu kwa mtoto mwenye mapenzi: mwache mzazi ainuke kitini mwenyewe, nawe usimame karibu. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja na amwone daktari kabla ya kuendelea.