Jamu ya nyumbani haihitaji dawa ili idumu

Kila msimu wa mafyulisi ukifika huku Iringa na Njombe nasikia mtu anasema jamu ya nyumbani haikai, lazima uweke dawa ya kuhifadhi kama ya kiwandani. Jamani hapana! Kinachohifadhi jamu ni sukari, moto na ukali wa limau. Sukari inayashika yale maji ya kwenye tunda mpaka bakteria na ukungu wanakosa maji ya kuishi, ndo maana ukipunguza sukari nusu kwa kuogopa utamu halafu ikaota ukungu usilaumu kukosa dawa. Kilo ya tunda lililomenywa, karibu kilo ya sukari, na limau lisikosekane maana fyulisi halina pektini nyingi (ile kitu ya asili kwenye tunda inayofanya jamu igande), sisi tunaongeza na mapera mawili matatu yasiyoiva sana, jamu inashika vizuri.

Kingine, vitabu vinasema ichemke mpaka nyuzi 104 au 105, ila hiyo ni ya usawa wa bahari. Ukiwa juu milimani maji yanachemka mapema, Mbeya mjini ni kwenye nyuzi 94 hivi, kwahiyo ukifika 99 imetosha, ukisubiri 105 utapata gundi. Kama huna kipimajoto weka tone kwenye kisahani cha baridi, lisukume na kidole, likijikunja juu epua.

Watoto wamenye, mama au shangazi akoroge, mwingine achemshe chupa dakika 15 na mifuniko yake, mjaze jamu ikiwa bado ya moto na mfunge hapohapo. Ukishafungua, friji.